Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: kile kinyama mnachokwangua kizazini kipelekeni kikasomwe

Waheshimiwa, shikamooni. Kuanzia Waziri, Katibu Mkuu, Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, watu wa bima na watu wa Bohari ya Dawa, wote nawasalimu kwa mpigo maana nikianza kuwapanga kwa itifaki barua itaisha kabla sijafika kwenye kizazi. Mimi ni mwanamke wa Morogoro, nimeolewa, sina mtoto, mimba zilizokuja zote ziliharibika zikiwa changa, na siandiki ili mnionee huruma, kazi hiyo mashangazi wanaifanya vizuri sana. Naandika kwa sababu kuna ugonjwa unakaa kwenye ukuta wa ndani wa kizazi, unazuia mimba isishike au unaing'oa mapema, kuupima hakuhitaji mashine ya mabilioni, dawa yake mara nyingi ni vidonge ambavyo tayari viko kwenye stoo zenu mpaka za zahanati, na bado wanawake tunazunguka miaka hakuna hata mmoja anayetutajia jina lake.

Kitaalamu unaitwa endometraitisi sugu. Msichanganye na endometriosisi, ule ni ugonjwa mwingine kabisa na wenyewe una barua yake. Huu ninaousema ni ile hali ya ukuta wa ndani wa kizazi kukaa na maambukizi ya chini chini, miezi na miezi, bila homa, bila usaha, bila wewe kulala kitandani. Wengine wanaona matone ya damu katikati ya mwezi, wengine hedhi inachafuka, wengine tumbo la chini linakuwa zito au tendo la ndoa linauma, na wengi tu hawasikii chochote. Yaani unapika, unafua, unaenda kazini, unacheza na watoto wa wenzio, na kizazi kiko kwenye vita.

Ngoja niwaeleze safari ya mwanamke wa kawaida asiyeshika mimba hapa kwetu, maana nahisi huko juu mnaletewa takwimu tu. Anaanzia duka la dawa. Anasema tumbo la chini linamsumbua, anaambiwa UTI, anapewa vidonge. Mwezi unaofuata bado, anaambiwa hiyo sasa ni UTI sugu, anaongezewa vikali zaidi. Anaenda kituo cha afya, pale inabadilika jina inakuwa PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, anachomwa sindano ya seftriaksoni, anapewa doksisaiklini na metronidazoli za wiki 2, mumewe anaandikiwa dawa kwenye karatasi ambayo hataiona kwa sababu mke anaogopa kuonekana ndo kaleta ugonjwa nyumbani. Baada ya hapo ni utrasaundi, majibu yanasema kizazi kina ukubwa wa kawaida, hakuna uvimbe, mayai yapo. Anapigwa picha ya mirija, ile ya kupitishiwa dawa ambayo wanakwambia "utasikia maumivu kidogo", kidogo ya nani sijui, mirija iko wazi. Homoni ziko sawa. Mume akikubali kupima, nasema akikubali, mbegu ziko sawa. Anarudi kwa daktari na bahasha lake limenenepa, daktari anapitisha macho, anamwambia mama mko sawa, punguzeni mawazo, endeleeni kujaribu.

Hivi mtu ambaye mimba zimemtoka anapunguzaje mawazo jamani, kuna kidonge chake?

Tatizo la safari hiyo ni kwamba hakuna hata kituo kimoja ambapo mtu aliuangalia ukuta wenyewe. Utrasaundi inaona umbo, unene, uvimbe, maji, haioni chembe. Picha ya mirija inaonyesha njia iko wazi au imeziba. Kipimo cha mkojo kinasema habari za mkojo. Ukuta wa kizazi una tabaka la juu ambalo linabomoka kila mwezi na kutoka na hedhi, na tabaka la chini ambalo linabaki na ndo linajenga jipya. Watu wengi wanafikiri hedhi inasafisha kila kitu, na mimi ndivyo nilivyofundishwa na bibi yangu, lakini maambukizi yakishajikita hedhi haiyamalizi, mwezi ukianza yanaanza nao. Mwili unaleta askari wake, kuna aina inaitwa chembe za plazima, hizi kazi yake ni kutengeneza kinga na kwenye ukuta wa kizazi wenye afya hazitakiwi kuwepo au ziwe za kubahatisha. Zikionekana pale kwenye nyama ya ukuta, ndo ushahidi wenyewe. Sasa mimba changa inakuja kutafuta mahali pa kujishikiza, na muda wake wa kufanya hivyo ni siku chache tu, kama siku 6 hadi 10 baada ya yai kutoka, inakuta ukuta haujajiandaa inavyotakiwa maana muda wote ulikuwa unapigana. Inapita, au inashika vibaya, na mwanamke anaona hedhi kama kawaida au anaona damu kwenye wiki ya 8.

Ushahidi huo unapatikanaje? Kwa kuchukua kipande kidogo cha ule ukuta, kukitumbukiza kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kukipeleka maabara ya patholojia, kikakatwa vipande vyembamba, kikatiwa rangi na mtu akakaa kwenye darubini akakisoma. Kuna rangi ya kawaida inayotumika kila siku, na kuna ile ya kinga inayoitwa CD138 ambayo inazichora chembe za plazima zinaonekana za kahawia, hata mtu aliyechoka hawezi kuzipita. Na hapa naomba watu wa bajeti wasikilize vizuri, CD138 siyo kitu cha ajabu kilichobuniwa kwa ajili ya wanawake wanaotafuta mtoto. Ndo hiyo hiyo inayotumika kutafuta saratani ya damu ya chembe za plazima, ile mayeloma. Kwa hiyo hospitali kubwa inayopima mayeloma kwa njia hiyo dawa ya rangi inayo kwenye friji, kinachokosekana ni mtu wa kuandika kwenye fomu "naomba mwangalie na chembe za plazima, mgonjwa hashiki mimba".

Kuandika hayo maneno kwenye fomu, waheshimiwa, ndo habari yangu mimi.

Mimba ya mwisho ilipoharibika nilisafishwa hospitali moja ambayo siitaji, na damu ilivyoendelea kutoka toka baadaye wakanikwangua tena wakasema kinyama kinapelekwa kupimwa. Kupelekwa na nani? Na mimi. Nilipewa kichupa kama kile cha mkojo, kimezungushiwa plasta nyeupe, jina langu limeandikwa na kalamu ya wino ambayo ilishaanza kufutika kwa sababu ya formalini, kikafungwa ndani ya glovu ya mpira, glovu ndani ya mfuko, nikaambiwa peleka Dar kwenye maabara fulani. Nikapanda zangu treni ya SGR na kizazi changu kwenye mkoba. Pale stesheni kwenye ukaguzi askari akaniuliza dada hii nini, nikamwambia hiyo ni mimi. Akaniangalia akaniambia pita.

Fomu niliyoibeba ilikuwa na mstari mmoja wa taarifa za mgonjwa: "kutokwa damu, kuondoa uwezekano wa saratani". Basi. Hakuna tarehe ya hedhi ya mwisho, hakuna kwamba mimba zimeharibika, hakuna kwamba anatafuta mtoto. Mtu wa patholojia akaifanya kazi yake tena vizuri, akaandika majibu, aya mbili, ya kwanza inasema hakuna dalili za saratani, ya pili inasema kuna chembe za plazima kwenye ukuta, inaendana na endometraitisi sugu, ioanishwe na hali ya mgonjwa. Nikarudi nayo Moro. Daktari akasoma ya kwanza, akatabasamu, akasema mama mshukuru Mungu, hamna saratani, uko sawa. Karatasi ikarudi kwenye bahasha.

Ile aya ya pili ilikaa kwenye bahasha langu juu ya kabati mpaka daktari mwingine wa Dar alipoikuta, wala hakuagiza kipimo kipya, alisoma tu karatasi ile ile mpaka mwisho. Simlaumu sana yule wa kwanza kwa kweli, foleni nje ilikuwa imefika kwenye ngazi, na fomu iliuliza saratani basi akajibiwa saratani. Ila mjue huko kwenye makabati ya nyumba za watu kuna aya za pili nyingi.

Sasa kwa nini nasema ni jambo la nchi na siyo la kwangu mimi na bahasha langu. Kwanza Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anapitia tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake, kwa hiyo tusijifanye ni watu wachache wenye mikosi. Pili kwa Afrika habari ni ya maambukizi. Utafiti mkubwa wa shirika hilo hilo wa miaka ya 80 uliolinganisha mabara ulikuta huku kwetu wanawake wasiopata mtoto wengi mno tatizo lao lina mkono wa maambukizi, kuliko kwingine kote. Kisonono, klamidia, mimba zilizotolewa kienyeji, uzazi wenye uchafu, kondo lililobaki, vidonda vya oparesheni. Hayo yote yanaanzia chini yanapanda juu, na yakipanda yanapita kwenye ukuta wa kizazi kabla hayajafika kwenye mirija, sisi tunasubiri yafike kwenye mirija ndo tupige picha. Na siyo magonjwa ya zinaa tu, naomba hili lisikike kwenye ndoa za watu: wadudu wanaokutwa mara nyingi kwenye ukuta wenye ugonjwa huu ni wale wa kawaida kabisa wanaoishi tumboni na ukeni, ikolai, streptokoka, enterokoka na wenzao. Mwanamke anaweza akawa nao na hakuna mtu aliyetoka nje ya ndoa.

Tatu, na hapa nakaa kidogo, ni TB.

Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, hilo mnalijua kuliko mimi. Hapa kwetu Moro mpaka panya wamefundishwa pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kunusa makohozi, na wananusa kweli, wageni wanakuja kupiga nao picha. Lakini TB ya kizazi haina makohozi. Mdudu anatoka kwenye mapafu kwa njia ya damu, pengine miaka mingi nyuma ulipokuwa binti, kifua kikapona chenyewe hata hukujua, yeye kaenda kukaa kwenye mirija na mara nyingi anashuka na kwenye ukuta wa kizazi. Hukohoi. Ekserei ya kifua mara nyingi iko safi. Dalili inayomleta mwanamke hospitali ni hiyo hiyo moja, hashiki mimba, na pengine hedhi zimepungua mpaka zimekata. Akiwahi kutibiwa kabla makovu hayajashikana kuna matumaini, akichelewa ukuta unagandana, mirija inaharibika, na hapo hata hiyo ya kupandikiza mimba inakuwa ngumu maana hakuna pa kuipandikiza. Dozi ni miezi 6 na nyinyi mnaitoa bure. Bure! Dawa bure, ila kumjua anayeihitaji ndo hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Na kuna jambo dogo la kwenye chumba cha kuchukulia kipimo ambalo linaharibu kila kitu. Kinyama cha kusomwa kwenye darubini kinawekwa kwenye formalini, sawa. Lakini cha kuotesha wadudu au kuweka kwenye ile mashine ya kupimia TB, GeneXpert, hakitakiwi kuguswa na formalini, kinataka kichupa kisafi chenye maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu formalini inaua kila kitu na mdudu aliyeshauawa haoteshwi. Kwa hiyo ni vichupa viwili, mkwanguo mmoja. Mkisahau cha pili inabidi mwanamke alale tena kwenye kile kitanda, akanyage tena vile vyuma, akwanguliwe tena. Kichupa tu.

Na siku za mwezi nazo. Wanaotafuta chembe za plazima wanapenda kuchukua baada ya hedhi kukauka, kabla yai halijatoka, kwa sababu kadiri hedhi inavyokaribia ukuta unajaa askari wa kawaida na msomaji anachanganyikiwa. Wanaotafuta TB wanapenda siku za mwishoni karibu na hedhi kwa sababu vile vijifundo vya TB vinakuwa vimepata muda wa kukua kabla ukuta haujabomoka. Haya mambo mawili hayakai siku moja, sawa, daktari ataamua anatafuta nini zaidi kwa huyu mgonjwa. Lakini tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe kwenye fomu basi, wino wake ni ule ule.

Najua mtaniuliza vifaa viko wapi. Vipo, waheshimiwa. Ile bomba la plastiki la kuvuta kwa mkono, MVA, ambalo mmelisambaza kwa ajili ya kusafisha mimba zilizoharibika, hilo hilo kwa mrija mwembamba linachukua kipande cha ukuta wa kizazi bila usingizi wa kulaza chumba cha oparesheni. Manesi na madaktari wa wilaya wanalijua kama wanavyojua kuchoma sindano. Kamera ya kuingiza ndani ya kizazi, histeroskopi, ni nzuri, inaonyesha wekundu na vipele vidogo vidogo, lakini tusikae kuisubiri ifike kila wilaya maana tutasubiri na wajukuu. Mbona kupima mlango wa kizazi kwa siki mlikishusha mpaka vituo vya afya na kinafanyika, tena na manesi, tena bila makelele? Tuna kawaida ya kusema hatuna uwezo mpaka siku mtu akitoa waraka, ghafla uwezo unaonekana.

Kuna upande wa pili wa hii habari ambao unaniudhi zaidi. Kwa sababu hakuna anayeusoma ukuta, soko limejaza pengo. Ukifungua simu saa hizi, kila baada ya picha tatu kuna mtu anauza dawa ya kusafisha kizazi. Unga wa mizizi, chai ya kuondoa sumu, vile vidude vya kutumbukiza ukeni vimefungwa kwenye kitambaa kama mfuko wa majani ya chai, unakaa navyo siku kadhaa vinatoa uchafu, na ule uchafu ndo wanakuonyesha kwamba unaona sasa ulikuwa na takataka. Dada zangu, huo uchafu ni ngozi yako ya ndani inayoungua na kubanduka. Halafu wadudu wa kawaida wanaolinda uke wanaondoka, wabaya wanapata njia ya kupanda juu, yaani mtu kalipa hela yake akanunua ugonjwa aliokuwa anautafutia dawa. Wenye dhamana ya kudhibiti dawa na tiba asili naomba mtembelee humo kwenye simu, hamhitaji hata gari.

Na upande wa antibiotiki hali haina tofauti. Mwanamke anayehangaika kutafuta mtoto kameza kila aina. Siku 5 za hii, siku 3 za ile, nusu dozi kwa sababu hela iliishia hapo, sindano ya jirani. Nchi ina mpango mzima wa kupambana na usugu wa dawa, mabango yapo, semina zipo, chai ya semina ipo, na huku chini bado tunapewa dozi za kurusha jiwe gizani. Kinachonishangaza ni kwamba tiba inayotumika zaidi duniani kwa endometraitisi sugu ni doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 14, meza na chakula na maji mengi, usiichanganye na maziwa wala vidonge vya damu, usiitumie ukiwa na mimba. Ni moja ya dawa za bei ya chini kabisa. Wengi ukuta unasafika kwa raundi ya kwanza, wengine wanahitaji dawa nyingine, na njia ya kujua umesafika ni kukwangua tena na kusoma tena, siyo kuuliza mgonjwa unajisikiaje, maana hata mwanzo hakuwa anajisikia kitu.

Mtaniambia basi si tuwape tu wote hiyo doksisaiklini yaishe? Hapana jamani. Ndo hicho hicho tunachokikimbia. Anayehitaji siku 14 za doksisaiklini na anayehitaji miezi 6 ya dawa za TB wamekaa benchi moja, wamevaa madera yale yale, na wote wanasema "sishiki mimba". Ukimpa wa TB doksisaiklini umempotezea muda ambao kizazi chake hakina.

Nisiwe muongo vilevile, nisije nikauza matumaini kama wale wa kwenye simu. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Hawajakubaliana chembe za plazima ziwe ngapi ndo uitwe mgonjwa, ndo maana tafiti kwa wanawake wanaopandikizwa mimba zikafeli mara kwa mara zinatoa majibu yamepishana mno, huyu anakuta wachache yule anakuta zaidi ya nusu. Tafiti nyingi zinaonyesha waliotibiwa wakasafika wanashika mimba vizuri kuliko ambao ugonjwa umebaki, ila nyingi siyo zile za kugawa watu kwa bahati nasibu na kidonge cha uongo, kwa hiyo bado kuna la kujadili. Jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, ESHRE, mwongozo wao wa 2023 kuhusu wale ambao mimba za kupandikiza zinafeli mara kwa mara unasema kipimo hiki kinaweza kufikiriwa, haukusema ni lazima kwa kila mtu. Sawa. Na mimi sijaomba kila mwanamke wa Tanzania akwanguliwe. Naomba kwa aliyeharibikiwa mimba mara mbili au zaidi, kwa yule ambaye vipimo vyote viko sawa na mwaka umepita hashiki, na kwa yule ambaye tayari mnamkwangua kwa sababu nyingine. Huyu wa mwisho ndo anaumiza roho, nyama yake tayari mnayo mkononi, mnaitupa kwenye ndoo.

Jambo la benchi nililitaja, acha nilimalizie. Mwanamke asiye na mtoto anahudumiwa wapi kwenye mfumo wenu? Anakaa kliniki ya afya ya uzazi na mtoto, katikati ya matumbo makubwa na vichanga vinavyolia, nesi anapita akisema "haya kadi za kliniki juu", yeye hana kadi, ana bahasha. Mwenzake aliyekaa pembeni anamuuliza kwa roho nzuri kabisa, wewe wako ana miezi mingapi? Tengeni hata mchana mmoja wa wiki, chumba hicho hicho, nesi huyo huyo, iwe siku ya wanaotafuta mtoto, wanaume waambiwe na wao siku yao ndo hiyo maana karibu nusu ya ndoa zenye shida hii kuna kitu na upande wa mwanaume, na dawa za mume zitolewe mkononi pale pale badala ya kupewa mke akapigane nazo nyumbani. Mambo ya kupandikiza mimba hospitali za umma yakitajwa tunapiga makofi, na tunayataka kweli, lakini kuipandikiza mimba ya gharama ile kwenye ukuta ambao hakuna aliyeusoma hiyo nayo sijui tunaiitaje.

Watu wa bima, nanyi kidogo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Kipimo cha patholojia cha ukuta wa kizazi pamoja na rangi ya CD138 kwa mwanamke asiyeshika mimba, kama hakimo kwenye kitita kiingizeni, na kama kimo naomba mumwambie dada wa dirishani, maana mimi nilijibiwa "mambo ya kutafuta mtoto hayamo" kabla hajasoma hata fomu. Huu ni ugonjwa, una wadudu, una dawa, una majibu ya maabara. Kutafuta mtoto ni shughuli zangu mimi na mume wangu, hiyo siwaombi mlipie.

Ninachotaka Wizara ifanye kwanza hakizidi waraka wa kurasa mbili kwenda kwa waganga wakuu wa mikoa, nakala kwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma na nakala kwa Bohari ya Dawa. Useme aina za wanawake wanaotakiwa kuchukuliwa kipande. Useme vichupa viwili, kimoja formalini kimoja maji ya chumvi, na Bohari ivilete vikiwa tayari vimewekewa dawa, mgonjwa asitumwe kununua formalini mtaani. Useme fomu iwe na nafasi ya hedhi ya mwisho, idadi ya mimba zilizoharibika, na swali "chembe za plazima zipo? vijifundo vya TB vipo?" lichapishwe kabisa ili daktari aweke tiki tu. Useme sampuli isafiri na gari au pikipiki inayobeba sampuli nyingine za wilaya, isisafiri na mimi. Na useme majibu yakirudi asomewe mgonjwa mpaka mstari wa mwisho.

Mimi dozi nilimaliza, kipimo cha marudio kimetoka safi, mimba bado haijaja na sitawadanganya kwamba imekuja. Namba yangu ya simu iko kwenye nakala niliyoipeleka kwa mkono ofisi ya mkoa, dada wa masjala aliigonga muhuri mbele yangu. Mkihitaji kuiona ile fomu yenye aya mbili nitaileta, na safari hii nauli sitawadai.

Wenu,
Mwanamke wa Morogoro